Fimbo isiyokufaa yaweza kukuvunja mgongo: Rekebisha pigo lako la gofu kabla ya kukimbilia tembe

JE, wewe ni miongoni mwa wale ambao kila Jumapili asubuhi huamka wakiwa wamejishika kiuno, wakatembea kwa kuinama hadi bafuni kama mzee wa miaka tisini, ilhali Jumamosi walikuwa wazima wa afya wakicheza gofu na wenzao? Je, mpira wako huanza safari vizuri, kisha ukakata kona kuelekea kulia na kutokomea vichakani hata kedi wako akachoka kuutafuta? Basi makala haya yanakuhusu, ndugu msomaji, maana huenda matatizo hayo mawili ni tatizo moja.

Wachezaji wengi huyatibu kila moja kivyake. Ya mgongo hutibiwa kwa tembe za kutuliza maumivu na dawa ya kuchua. Ya mpira hutibiwa kwa kununua draiva mpya, ile fimbo ndefu yenye kichwa kikubwa inayotumiwa kupiga mpira wa kwanza. Baada ya mwezi mmoja tembe zimekwisha, draiva mpya inapeleka mpira kulekule vichakani, na makumi ya maelfu ya shilingi yamekwenda.

Ukweli ni kwamba mpira hautii kwa sababu mwili umekaa vibaya, na mara nyingi mwili umekaa vibaya kwa sababu fimbo uliyoshika ilitengenezewa mtu mwingine. Ikiwa fimbo ni ndefu mno, nzito mno au ngumu mno kwako, mwili hautakataa kuipiga. Utajipinda na kujikunja ili kuifikisha kwenye mpira, na gharama ya kujipinda huko hulipwa na kiuno, kiwiko na kifundo cha mkono.

Si mchezo wa mzaha

Kuna wanaodhani gofu ni matembezi tu ya watu wenye pesa. Mashimo 18 ni mwendo wa kilomita nane hadi kumi, na hilo ni jambo jema kwa moyo na sukari ya damu. Hatari haiko kwenye matembezi. Iko kwenye pigo lenyewe, ambalo huchukua zaidi kidogo ya sekunde moja tangu fimbo inapoinuliwa hadi inapokutana na mpira. Katika muda huo mfupi kichwa cha draiva ya mchezaji wa kawaida hufikia mwendo wa karibu kilomita 150 kwa saa, tena bila matatu wala injini, ila nguvu za mwili wako tu.

Vipimo vilivyofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka wa 1990 vilionyesha kwamba pigo moja la gofu linaweza kuukandamiza uti wa mgongo sehemu ya kiuno kwa nguvu iliyo karibu mara nane ya uzito wa mchezaji. Mtu anayekimbia huukandamiza mara tatu hivi. Ikiwa uzito wako ni kilo 75, hebu piga hesabu mwenyewe, kisha uzidishe kwa mapigo yote unayopiga siku moja, pamoja na yale ya kujaribisha hewani ambayo hayaandikwi kwenye kadi. Ndiyo maana kiuno huongoza orodha ya viungo vinavyowauma wachezaji wa ridhaa.

Tiger Woods, ambaye amekuwa na walimu na madaktari wa kila aina, alifanyiwa upasuaji wa mgongo mara kadhaa, na mwezi Aprili 2017 pingili zake mbili za kiuno zikaunganishwa. Alirudi akashinda mashindano ya Masters mwaka wa 2019, lakini si kila mtu ana bahati hiyo.

Sababu yenyewe si ngumu kuelewa. Pingili za kiuno hazikuumbwa kuzunguka sana, kila moja huzunguka digrii chache tu. Viungo vilivyoumbwa kuzunguka ni nyonga na sehemu ya mgongo iliyo nyuma ya kifua. Sasa wewe umeketi ofisini kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na jioni umeketi tena kwenye msongamano wa magari wa Mombasa Road. Nyonga zimekaza kama mlango wenye kutu. Ifikapo Jumamosi unataka ghafla mwili uzunguke. Nyonga zikikataa, kiuno kitalazimishwa kufanya kazi isiyo yake.

Fimbo za mzee

Chukua mfano wa mama mmoja ninayemfahamu, mfanyabiashara wa hapa Nairobi, aliyeanza gofu akiwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini. Mumewe alikuwa amejinunulia seti mpya, naye mama akarithi ile ya zamani. Kwa muda wa mwaka mzima mipira yake iliruka chini chini na kwenda kulia, na kila baada ya mchezo alipaka dawa kiwiko cha kushoto. Alilipia mafunzo, alibadilisha viatu na glavu. Mwishowe aliyefumbua fumbo hilo alikuwa kijana aliyembebea mfuko.

“Mama, ukiniruhusu nitasema kitu,” yule kedi alimwambia walipokuwa wakingojea kundi la mbele lisonge.

“Sema tu, kijana.”

“Hizi fimbo ni za mzee. Wewe hupigi mpira, unapigana na fimbo.”

Kijana huyo hakuwa na shahada yoyote, lakini aliona jambo ambalo wengi hawalioni. Fimbo za kawaida za wanaume zilizo madukani hutengenezwa kwa kumkadiria mwanamume wa urefu wa futi tano na inchi tisa au kumi hivi. Za wanawake huwa fupi kwa karibu inchi moja, nyepesi, na ufito wake hupindika kwa urahisi zaidi. Mwanamke mfupi akipewa za mumewe hulazimika kusimama wima kama askari wa gwaride au kujivuta mbali na mpira, na kwa kuwa ufito ni mgumu kuliko nguvu zake, mara nyingi uso wa fimbo huufikia mpira ukiwa bado umetazama kulia.

Mtu anaweza kusema, basi si azikate tu? Fundi yeyote anaweza kukata ufito, lakini ufito uliokatwa huzidi kuwa mgumu, na uwiano wa uzito kati ya kichwa na mpini huharibika. Mama huyo aliuza zile fimbo na kununua seti ya kike iliyotumika. Kiwiko kilitulia baada ya miezi miwili ya kupumzika na mazoezi. Mpira bado humtoroka mara mojamoja, maana fimbo nzuri haichezi yenyewe, na hapo ndipo tunapoingia kwenye ufundi.

Kwa nini mpira hukimbilia kulia

(Maelezo yote hapa ni ya mtu atumiaye mkono wa kulia. Wewe wa mkono wa shoto, geuza kulia iwe kushoto.)

Zamani walimu walifundisha kwamba mpira huanza kuelekea kule fimbo inakopita. Mashine za rada ambazo zimetumika kwenye mchezo huu kwa zaidi ya miaka ishirini zimeonyesha vingine. Mpira huanza zaidi kuelekea kule uso wa fimbo unakotazama wakati wa kugongana. Kisha hupinda kwa sababu uso unatazama upande mmoja na fimbo inapita ikielekea upande mwingine. Uso ukiwa umetazama kulia kuliko njia ya fimbo, mpira utapinda kulia, na huo ndio wachezaji wanaouita slaisi. Ukitazama kushoto kuliko njia ya fimbo, utapinda kushoto.

Sasa tazama anavyofanya mwenye slaisi. Anaona mpira ukienda kulia, naye anajigeuza alenge kushoto ili kufidia. Kwa kufanya hivyo fimbo yake inapita zaidi kutoka nje kuelekea ndani, ikikata mpira kama mtu anayekata nyasi kwa fyekeo, na tofauti kati ya uso na njia inazidi. Mpira unapinda maradufu. Wiki ifuatayo analenga kushoto zaidi. Ni sawa na kujikuna upele.

Anza na mikono. Simama na fimbo kama unayetaka kupiga, kisha tazama chini kwenye mkono wako wa kushoto. Unapaswa kuona vifundo viwili au vitatu vya vidole. Ukiona kimoja tu, au usipoona hata kimoja, umeugeuza mkono kushoto mno, na uso wa fimbo utachelewa kufunga. Mfereji ulio kati ya kidole gumba na cha shahada, kwa mikono yote miwili, uelekee mahali fulani kati ya kidevu na bega lako la kulia. Mpini ulale kwenye vidole, usilale katikati ya kiganja.

Utahisi vibaya kwa wiki mbili. Usirudi nyuma. Ben Hogan, Mmarekani aliyekuwa mmoja wa mabingwa wakubwa wa mchezo huu katika miaka ya 1940 na 1950, aliteswa kwa miaka mingi na mpira uliopinda kushoto, na sehemu ya dawa yake ilikuwa kugeuza mshiko wa mkono wa kushoto. Kama yeye alivumilia mshiko mgeni, nawe utaweza.

Jambo la pili ni kukaza mno. Shika fimbo kama unavyoshika kifaranga, asitoroke wala asife. Mwenye kukaza vidole hukaza pia misuli ya mkono wote mpaka kiwikoni, na kila mara kichwa cha fimbo kinapogonga ardhi, mshtuko hupanda moja kwa moja hadi kwenye kano. Maumivu ya upande wa nje wa kiwiko cha kushoto na yale ya upande wa ndani wa kiwiko cha kulia mara nyingi huanza hivyo. Kwetu hali huwa mbaya zaidi mwezi wa Januari na Februari wakati ardhi imekauka kama saruji, na pia pale mpira unapozama katika nyasi ndefu za kikuyu, ambazo hushika fimbo na kuipinda mkononi. Ukiwa humo, chukua fimbo fupi, utoe mpira urudi kwenye nyasi zilizokatwa, umeze pointi moja iliyopotea. Afadhali hiyo kuliko kifundo cha mkono kilichoteguka.

Jinsi ya kusimama

Inama kutoka kwenye nyonga, si kutoka kiunoni. Weka fimbo moja nyuma ya mgongo wako ikigusa kisogo, katikati ya mgongo na makalio, kisha iname huku ikiendelea kugusa sehemu zote tatu. Hapo ndipo pa kuinamia. Magoti yalegee kidogo tu, mikono ining’inie yenyewe. Ikiwa mikono yako ikining’inia inapita mbali na mpini, au inabidi uchuchumae ili uufikie, usijilaumu kwanza. Ilaumu fimbo.

Kuna kosa moja ambalo walimu wa mchezo na wanaotibu viungo wote huliogopa. Mchezaji anapoinua fimbo, kifua huegemea upande wa shimo badala ya kwenda na bega la kulia. Fimbo inaposhuka, hulazimika kujipinda ghafla kurudi upande wa pili. Kwa mpira, matokeo yake ni slaisi au kugonga ardhi nyuma ya mpira. Kwa kiuno, ni kukandamizwa na kupindwa kwa wakati mmoja, upande wa kulia. Ili kujichunguza, mwombe mwenzako akupige picha kwa simu akiwa amekuelekea kifuani. Fimbo ikiwa juu kabisa, kichwa chako kisiwe karibu na shimo kuliko kiuno chako.

Ikiwa umepita miaka arobaini na tano, au ikiwa nyonga zako zimekaza, jipe ruhusa mbili. Kwanza, geuza vidole vya mguu wa kushoto kidogo kuelekea shimo. Pili, acha kisigino cha kushoto kiinuke unapoinua fimbo. Wapo vijana watakaokwambia hilo ni la kizamani. Jack Nicklaus alishinda mashindano makubwa 18 akiinua kisigino hicho, na kiuno chako kitakushukuru.

Kwa wanaogonga ardhi kabla ya mpira, kuna zoezi lisilohitaji mwalimu. Chora mstari kwenye mchanga au nyasi, simama mstari ukiwa katikati ya miguu, kisha piga bila mpira. Alama ya fimbo ianze kwenye mstari au mbele yake kidogo. Ikianza nyuma, uzito wako umebaki mguu wa kulia. Piga mara ishirini polepole hadi alama isogee. Kwa wenye slaisi, weka kisanduku kitupu cha karatasi kando ya mpira upande wa mbali nawe, nyuma yake kidogo. Ukikigonga, fimbo bado inatoka nje. Tumia karatasi tu, usitumie mbao.

Kupima fimbo

Huhitaji kuwa tajiri ili kupimwa. Simama wima bila viatu vya visigino, mikono ikining’inia, na umwombe mtu apime kutoka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni. Kipimo hicho pamoja na urefu wako ndicho watengenezaji wanachoanzia, kwa kuwa watu wawili wenye urefu sawa wanaweza kuwa na mikono tofauti kabisa.

Kisha kuna jinsi kichwa cha fimbo kinavyokaa chini. Chora mstari mnene kwa kalamu ya wino kwenye mpira, uuweke mstari ukiwa umesimama wima na kutazama uso wa fimbo, halafu upige kwa fimbo ya chuma namba saba. Mstari utaacha alama. Ukiwa umesimama wima kwenye uso wa fimbo, mambo ni sawa. Sehemu ya juu ikiinamia kwenye ncha ya fimbo, fimbo imesimama mno kwako na itapeleka mipira kushoto. Ikiinamia upande wa ufito, imelala mno na itapeleka mipira kulia. Rudia mara tano kabla ya kuamini. Fundi anaweza kupinda fimbo nyingi za chuma kwa digrii moja au mbili, lakini muulize kwanza kama zako zinapindika, maana baadhi huvunjika. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyeanzisha kampuni ya Ping mwaka wa 1959, ndiye aliyewazoesha wachezaji jambo hili kwa kuweka nukta za rangi kwenye fimbo kuonyesha pembe ya kila moja. Ukinunua Ping zilizotumika, tazama rangi ya nukta kabla ya kutoa pesa. Nyeusi ndiyo ya kawaida.

Ufito nao una ugumu wake, ulioandikwa kwa herufi. L ni laini na hukusudiwa wanawake wengi, A ni ya wazee, R ni ya kawaida, S ni mgumu na X ni mgumu zaidi. Wanaume wengi hununua S kwa sababu ya fahari. Ikiwa mipira yako huruka chini na kwenda kulia, na baada ya mchezo mabega yanauma, jaribu R ya mwenzako kwa mashimo mawili matatu. Hakuna atakayesoma herufi hiyo akiwa mbali.

Mwisho, mpini. Ukiushika kwa mkono wa kushoto, ncha za kidole cha kati na cha pete ziguse kwa wepesi nyama iliyo chini ya kidole gumba. Zikichimba ndani, mpini ni mwembamba. Zisipofika, ni mnene. Raba iliyozeeka na kuteleza hukufanya ukaze vidole bila kujua. Kuivalisha fimbo raba mpya ni kazi ya dakika chache, na ndiyo matengenezo ya bei nafuu kuliko yote. Ningeanzia hapo kabla ya kutazama bei ya draiva yoyote.

Kabla ya kuingia uwanjani

Tembea haraka kwa dakika tano, zungusha nyonga na mabega, kisha piga mipira michache kwa fimbo fupi. Anayecheza Limuru asubuhi ya Julai bila kupasha mwili joto anautafutia mgongo wake balaa. Na usimeze tembe ya maumivu ili uweze kucheza. Inaficha onyo, na ukizoea kuimeza kila wiki inaweza kuumiza tumbo na figo.

Maumivu ya kawaida ya misuli huanza kupungua katika siku chache. Yakizidi wiki mbili, au yakikuamsha usiku, muone daktari. Ukihisi ganzi au udhaifu unaoshuka mguuni, usingoje. Na ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au sehemu unayokalia ikifa ganzi, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama zamu yako ya kucheza ni kesho na umekwisha lipa.

Daktari akikuruhusu kurudi, anza kwa kusukuma mipira karibu na shimo kwa wiki moja. Ya pili, piga mipira mifupi ya mita thelathini. Ya tatu, fimbo za chuma za katikati, nusu ya nguvu zako. Draiva ikae mfukoni hadi wiki ya nne au ya tano, na hata hapo, mapigo kumi yatosha kwa siku.